Alama kwenye Paja la Farasi

Kama ungetaka kumjua Mpambaji, ungengoja simu yake ilie. Ingemkuta juu ya ngazi katika ukumbi wangu, pini mdomoni na kitambaa begani, na kabla ya kuipokea angeitazama kwanza. Akiwa ni mtu wa mjini, alijibu huko huko juu. Ikiwa ni Garbatulla, alitema pini mkononi, akashuka, akavuka uwanja kwa haraka na kwenda kusimama nyuma ya jiko, pale tunapofunga mbuzi wanaosubiri kuchinjwa. Hapo ndipo alipojibu, kwa Kiborana na kwa sauti ya mtu aliye malishoni. Alisema ng'ombe hawajambo. Alisema kule malishoni Burat kuna majani mwaka huu. Mbuzi wangu walilia nyuma yake, na huko Garbatulla kaka yake mkubwa aliwasikia akaridhika.

Kisha alirudi, akapanda ngazi na kusema, "Tuendelee, Mama Rukia."

Hakuwa na ng'ombe Burat. Hakuwa na ng'ombe popote. Ukame ulimmalizia wote, akaingia Isiolo na fimbo na blanketi, na kwao hakumwambia mtu. Siri hiyo tuliijua mimi, niliyezaliwa mjini humu na Kiborana ninakisikia nusu nusu, na Kawira mpishi wangu, ambaye ni Mmeru na hakisikii kabisa, lakini anamjua mwanamume anayeona haya. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Huyu hawakukutana naye, kwa sababu njia yake ilikwenda miaka.

Jina lake halikutumika mjini. Alikuwa Mpambaji kwa Waislamu, Mpambaji kwa Wakristo, Mpambaji hata kwa watu wa kampeni, waliomtaka afunge vitambaa vya rangi ya chama asichokipenda. Kwangu alikuja kuomba kazi ya ulinzi. Nikampa kubeba viti, kwa sababu ukumbi aliotuachia baba una viti vingi kuliko wezi. Siku moja mpambaji tuliyemwita kutoka Meru hakufika, na bibi harusi alikuwa tayari amekaa saluni analia. Yule mbeba viti akaniuliza polepole kama anaweza kujaribu. Alifunga mapazia kwa mafundo ya kufungia mizigo ya ngamia, yale ambayo ngamia akilala, akisimama, akikimbia, hayafunguki. Harusi ikaisha, wiki ikaisha, na mapazia yakawa bado juu. Ilibidi tumwite mwenyewe aje ayafungue.

Mimi nina ugonjwa wa mada. Niliupata kwenye simu, kwa kutazama kumbi za watu wa Dubai na Nairobi. Sikukuu bila mada naiona kama pilau bila bizari. Krismasi moja niliamua mada ni theluji. Mpambaji akaikagua picha kwa muda mrefu.

"Hii ni unga ama ni ukungu?"

"Ni theluji. Maji iliyoganda, inaanguka kutoka juu."

"Na ng'ombe inakula nini?"

Kila kitu alikipima kwa malisho. Nikamwambia huko wanakata nyasi na kuziweka ndani. Akaitikia kwa heshima, akanunua pamba ya hospitali, akaitandaza ukumbi mzima, na kwenye kona, bila kuambiwa na mtu, akaweka kifungu cha majani makavu. Wageni wakapiga nayo picha nyingi kuliko walizopiga na mti wenyewe.

Alikuwa Mwislamu wa swala tano na hakuna aliyepamba Krismasi kumshinda. Lakini nyimbo zikianza alitoka nje akakaa kwenye jiwe. Nyota ikipinda angeingia kwa ncha za vidole, anyooshe, atoke tena. Nilipomtania kwamba malaika wanaandika kote kote, alisema yeye anahesabu nyota tu, na nyota ni za Mungu.

Kitu kimoja hakukikubali kamwe: mapambo ya uongo. Maua ya plastiki ya bluu niliyoleta kutoka Nairobi aliyatazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi wa kuazimwa. "Hii iko wapi dunia hii, Mama Rukia? Nionyeshe mahali inaota." Akayarudisha kwenye katoni. Dakika chache baadaye simu ya Garbatulla ikalia, akaenda kwa mbuzi wangu kusema mtamba wake mweusi amezaa. Nikasimama dirishani na ile katoni ya maua mkononi. Nilitaka kucheka, badala yake nikavuta pazia. Uso umeumbwa na haya, na wangu ulikuwa umejaa haya za mtu mwingine.

Sasa nifike kwa Wachina. Mmoja wao, injinia wa barabara, alikaa kwenye vyumba vyangu vya wageni muda mrefu mpaka akazoea chai ya maziwa ya ngamia. Ukutani alikuwa na kalenda yenye wanyama kumi na wawili, na jioni moja akatueleza kwa Kiswahili chake cha mchanga na kokoto kwamba kwao kila mwaka una mnyama wake. Wakiisha kumi na wawili, wanarudi mwanzo. Sijapata kumwona Mpambaji amefurahi vile. Kwa Waborana pia miaka haihesabiwi kwa namba. Huitwa kwa majina ya siku za wiki, saba zikiisha wanaanza tena, na wazee wanajua mwaka wa siku fulani ni wa mvua na wa siku fulani ni wa kuzika. Siku zote mjini alikuwa akichekwa kwa hesabu hiyo. Leo mtu wa taifa kubwa alikuwa na hesabu inayofanana na yake, tena ya mifugo!

"Hawa ni watu," akatuambia. "Hawa walichunga."

Kuanzia hapo kila aliyeingia ukumbini aliulizwa mwaka wake. Kawira akapewa Panya, akakasirika, akataka Simba. Akaambiwa Simba hayumo. Mpambaji mwenyewe hakujua alizaliwa mwaka wa namba gani, alijua siku tu, kwa hiyo akachagua Ng'ombe, na nani angemkatalia.

Nikaona mada imenijia yenyewe. Injinia na wenzake walitaka chakula cha jioni cha mwaka mpya wao kwenye ukumbi wangu, na mwaka wenyewe ulikuwa wa Farasi. Nikamwambia Mpambaji anitengenezee farasi mkubwa wa kitambaa wa kuning'inizwa katikati, na wale kumi na mmoja kumzunguka. Alifanya kazi ile kwa wiki nyingi, na magunia, vitambaa vya mitumba na waya. Ng'ombe alikuwa na ukubwa wa ndama wa kweli, na macho yake yalimfuata mtu. Lakini nilipowakagua niliona karibu kila mnyama ana kitu kwenye paja la kulia: mistari miwili na nusu duara, imechorwa kwa rangi nyeusi. Mbuzi alikuwa pia amekatwa ncha ya sikio.

"Hii ni nini?"

"Alama."

"Naona ni alama. Kwenye kalenda haiko."

"Mnyama bila alama ni mnyama amepotea, Mama Rukia. Mtu yeyote anaweza kuchukua." Akasita kidogo. "Ni ya baba."

Nyoka alimsumbua. Alinifuata jikoni nikiwa na unga mikononi kuniuliza nyoka paja lake liko wapi. Kawira akamwambia aache kumsingizia nyoka miguu. Mwishowe akamchora karibu na mkia, upande wa kulia. Mbwa alipata alama, kwa sababu mbwa hulinda zizi. Panya alipata, kwa sababu, alisema, panya hula kwetu. Aliyekosa ni nguruwe peke yake. Alimshona haraka haraka, mkono mmoja, uso ameugeuza kando, na akamwacha mtupu.

"Huyo si wetu," akasema.

Siku tunapopamba mwaka mpya, uwe wa Wachina au wa kila mtu, tuna desturi ya kusema mipango yetu. Mikono ikiwa na kazi mdomo husema kweli. Kawira kila mwaka anafungua saluni. Mimi kila mwaka naacha sukari. Mpambaji kila mwaka alingoja Kawira aende jikoni, kisha akasema kwa sauti ya chini, akikitazama kitambaa: "Mwaka huu nitaenda nyumbani niwaambie." Na kila mwaka nilisema inshallah, na mwaka ukaisha.

Mwaka huu hakusema. Alikuwa ametoka kupokea simu kwa mbuzi, na aliporudi aliketi kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Wameniomba mtamba," akasema.

Nilihitaji kuelezwa, na nyinyi pia mtahitaji. Kwao Waborana, mtu akifiwa na mifugo yote, ukoo hukaa chini na kumchangia. Huyu anatoa mtamba, yule mbuzi wawili, mpaka aliyeanguka asimame. Wanaita *busa gonofa*. Si sadaka, ni haki yake, lakini lazima kwanza mtu asimame mbele ya watu aseme zimekufa. Mpambaji hakusimama. Ukame ulipomchukulia ng'ombe wake, haya zilimchukulia ulimi. Sasa ukoo ulikuwa umekaa kwa ajili ya mjane mmoja aliyepoteza mifugo, na kwa kuwa miaka yote wamesikia Burat kuna majani, jina la Mpambaji likawekwa upande wa watoaji.

"Ukasema?"

"Nikasema ndiyo."

"Wewe!"

"Ningesema nini? Mtu iko na ng'ombe akatae mjane?"

"Huna ng'ombe!"

"Hapo ndiyo shida," akasema, kwa upole kabisa.

Nikamwambia mficha uchi hazai. Akanijibu yeye umri wa kuzaa umempita. Tukacheka wote wawili, vibaya, kisha akapanda ngazi kumfunga farasi.

Kaka yake alikuja alasiri, siku mbili kabla ya karamu, bila kupiga simu. Nilimwona mlangoni: mzee mrefu, kanzu safi chini ya shuka, fimbo, vumbi la barabara ya Garbatulla mpaka kwenye nyusi.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mzee. Karibu."

"Natafuta ndugu yangu. Watu ya soko ya mifugo wanasema hawamjui. Mmoja amesema niulize hapa." Akataja jina. Lilikuwa halijatajwa ukumbini mle kwa miaka, nusura niseme kwa moyo mweupe kwamba simjui.

Badala yake nikasema uongo. "Ako Burat, mzee. Na ng'ombe. Huwa anatuletea maziwa."

Maziwa niliyaongeza mimi mwenyewe. Ndivyo uongo ulivyo, ukiuazima kwa mtu unamrudishia na ndama. Na wakati nasema hivyo, Mpambaji alikuwa juu ya ngazi nyuma ya farasi. Kitambaa kilimficha mpaka magotini. Chini ya tumbo la farasi zilionekana ndala zake za tairi, akala zenye mkanda mmoja uliofungwa kwa waya. Farasi wangu alikuwa na miguu sita.

Mzee akatazama juu. "Na hii ni nini?"

"Mapambo, mzee. Ni mwaka mpya ya Wachina."

Akasogea kwa ng'ombe, mkono umenyooshwa, kama mtu anavyomkaribia mnyama wa kweli asimshtue. Mkono ukashuka mgongoni, ukafika pajani, ukasimama.

"Hii alama ni ya baba yangu."

Akaenda kwa mbuzi, akashika sikio lililokatwa. Akaenda kwa mbwa, akainamisha kichwa kumtafuta nyoka upande wa kulia, akapata. Kwa panya alisimama muda mrefu.

"Hata panya?"

Nilitamani sakafu inimeze pamoja na viti vyangu vyote. Kisha akafika kwa nguruwe. Akamtambua. Akatumia ncha ya fimbo kumgeuza, paja la kulia, paja la kushoto.

"Hii haina."

"Hapana, mzee. Hiyo haina mwenyewe."

"Alhamdulillahi," akasema, na nikajua anasema kweli.

Mwisho akasimama mbele ya farasi, akazitazama zile ndala. Akasema neno moja la Kiborana, dogo, hata mimi nililisikia. Shuka.

Mpambaji akashuka. Alikuwa na utepe mwekundu shingoni, na vumbi la kumetameta la mapambo limemshika kwenye ndevu. Walikuwa warefu sawasawa. Kawira, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, aligeukia ukuta. Mimi nilijifanya nafuta meza iliyokwisha kufutwa. Mtu mzima akivuliwa nguo, anayeona ndiye anayetafuta pa kujificha.

"Ng'ombe iko wapi?"

"Zilikufa."

"Gani?"

"Zote."

"Lini?"

"Ile ukame kubwa."

Mzee akafunga macho. "Ile ukame tulikuwa tunagawa. Kila mtu alisema yake, akapewa. Wewe uliniambia majani iko."

"Ningesimama mbele ya watu niseme nini?"

"Useme zimekufa. Hiyo tu." Akapumua. "Na mimi nimekuja kuchukua mtamba. Yule mama anangoja. Watu wamekaa."

Hapo Mpambaji alifanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa la kujidharau au la heshima. Alichukua mkasi wake, akaivuta ngazi, akapanda, akaikata kamba iliyomshika ng'ombe. Akamshusha polepole. Akamweka mikononi mwa kaka yake.

"Hii ndiyo iko," akasema.

Nilifikiri atampiga fimbo. Mzee akamtazama yule ng'ombe wa magunia machoni, akamweka kwapani, miguu minne ikining'inia, akatoka. Mdogo wake akamfuata nyuma, bila kuniaga, utepe bado uko shingoni. Kutoka getini niliwaona wakipita mbele ya maduka kuelekea kwenye magari ya Garbatulla. Watu wa bodaboda wakawapigia honi. Mtu mmoja akauliza kwa kelele ng'ombe huyo anauzwa bei gani. Hakuna kati yao aliyegeuka, na mimi nilirudi ndani nikafunga mlango.

Tulimaliza kupamba wenyewe, mimi na Kawira, na wageni walikuja wakala. Injinia akawahesabu wanyama kwa kidole. Akaniuliza ng'ombe yuko wapi. Nikamwambia ameenda nyumbani.

Miezi ilipita. Niliitwa Garbatulla kupika harusi, na asubuhi, tukitafuta maji ya kuoshea sufuria, nikamwona kisimani. Alikuwa na mtamba mmoja, wa hudhurungi, mbavu zake zinahesabika lakini manyoya yanang'aa. Aliniona akageuka upande, akashughulika na kwato ambayo haikuwa na shida. Mimi nami, niseme ukweli, nilikwisha kugeuka nirudi kwenye gari. Tulikuwa watu wazima wawili tunaokimbiana kwa sababu mmoja alimwona mwenzake. Nikajikaza nikaenda.

"Salaam aleikum, Mpambaji."

"Aleikum salaam." Hakuinua macho. "Hapa hawaniiti hivyo."

"Huyu ni wako?"

"Walinipa." Akampiga mtamba kofi dogo mgongoni. "Kaka aliweka ile ya kitambaa katikati ya watu. Akasema, hii ndiyo mifugo ya ndugu yangu. Mimi nimesimama hapo. Nikangoja wacheke, Mama Rukia. Kama wangecheka ningerudi mjini. Hakuna mtu alicheka. Waliuliza tu ni nani iko na mtamba ya kunipa. Na yule mjane, na yeye alipewa, siku hiyo hiyo. Yeye ndiye alinisalimia wa kwanza."

Alisema hivyo kama mtu anayehesabu mapigo. Nikaelewa kwamba haya zake hazikuisha siku ile, zilipata tu mahali pa kukaa. Nikamwuliza ile ya kitambaa iko wapi.

"Kwa kaka, ndani ya nyumba. Iko na alama ya baba, hawezi kuitupa. Watoto wanaipanda." Akakwaruza chini kwa fimbo. "Na wale wengine?"

"Wako ukumbini. Sijawashusha. Watu wanapiga nao picha."

"Wanauliza?"

"Kila siku. Wanauliza alama ni ya nani."

Sasa akaniangalia. Nilijua anachoogopa, kwamba mjini kisa chake kimekuwa cha kuchekesha wageni.

"Nawaambia ni mifugo ya mtu wa Garbatulla," nikasema. "Ameniachia nichunge."

Akavuta shuka akajifuta uso, akachukua muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji. Mtamba akanywa. Akashusha shuka, akakohoa.

"Na nguruwe?"

"Huyo nasema ni wangu."

Akacheka. Kwanza puani, kisha kifuani, mpaka akalazimika kushika shingo ya mtamba asianguke, na wanawake wenye mitungi wakageuka kumtazama, wakamwona hivyo, na hakujificha. Mtamba akashtuka akaanza kuondoka, tukamfuata.